Safari ya Vigango Haiishii Nairobi: Barua ya Wazi kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya

Kwa Mkurugenzi Mkuu na Wanabodi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi.
Nakala: Gavana wa Kaunti ya Kilifi, pamoja na Bunge la Kaunti.

Waheshimiwa,

Naanza kwa shukrani, na zinatoka moyoni. Mwaka 2007 vigango viwili vilivyoibwa katika miaka ya 1980 vilirudishwa kijijini Chalani, huko Kilifi, kwa familia ileile iliyovisimika. Mwaka 2019 vilifuata 30 kutoka Makumbusho ya Mazingira na Sayansi ya Denver. Mwaka 2023 mkapokea vingine 37 kutoka Makumbusho ya Jimbo la Illinois. Anayedhani kazi hiyo ni kupakia masanduku ndani ya ndege hajui barua zilizoandikwa na subira iliyohitajika, wala hajui watumishi wenu wangapi walijitolea kwa jambo ambalo halikuwaletea sifa magazetini. Sisi watu wa Pwani tunalijua hilo, na asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hatashukuru.

Naandika hata hivyo, kwa sababu kigango kinaposhuka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kimerudi Kenya, lakini hakijarudi kwa mwenyewe. Kutoka Nairobi hadi kwenye mudzi, yaani boma la ukoo, uliokisimika bado kuna safari, na safari hiyo imo mikononi mwenu. Waamerika wamekwisha kutoka njiani. Waliobaki ni ninyi na sisi.

Kwa msomaji anayevijua vigango kwa kuviona tu ukumbini mwa hoteli, inafaa nieleze ni nini. Kwa Wagiriama na baadhi ya ndugu zao Wamijikenda, mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha watu wazima wenye mali na heshima, hakumbukwi kwa kaburi peke yake. Baada ya kufariki, pengine miaka mingi baadaye, huwajia watu wake ndotoni. Hulalamika kwamba ameachwa nje, anaona baridi, amesahauliwa. Mtoto anaugua ugonjwa usiojulikana, mifugo inaharibu mimba, mvua inakawia. Mganga akiulizwa anasema: mzee anataka kigango. Hapo fundi hutafutwa, na si kila mchongaji anaruhusiwa kazi hiyo.

Mti wake ni mgumu, aghalabu mhuhu, ambao mchwa huchelewa kuula. Fundi huchonga faraghani. Anautoa ubao mrefu bapa wenye kimo cha mtu, na pengine kupita. Juu huwa na kichwa: kwa kimoja ni duara bapa tu, kwa kingine ni uso kamili wenye macho na pua. Chini yake kuna shingo, kisha kiwiliwili kilichojaa pembetatu ndogondogo zilizochimbwa kwa ncha ya kisu, safu juu ya safu, na kupakwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Mikono haipo, wala miguu. Mimi ni Mgiriama na pia ni mwalimu wa sanaa, na nikiwaonyesha wanafunzi picha za kazi hizi huwaomba wahesabu ni vitu vingapi mchongaji ameviacha. Ameacha karibu kila kitu ambacho mchongaji mwingine angekimbilia kukionyesha, na bado ukisimama mbele ya kigango unajua umesimama mbele ya mtu mzima anayekutazama. Ustadi wa namna hiyo unastahili kufundishwa katika kila shule ya sanaa nchini, na wachongaji wake wanastahili kutajwa pamoja na wachongaji wakubwa wa bara hili.

Siku ya kusimikwa, kigango hufungwa vitambaa, mnyama huchinjwa, mnazi humiminwa chini, na marehemu huitwa kwa jina lake. Toka siku hiyo mzee yupo mudzini. Anapewa habari za nyumbani, anaombwa mvua, anaombwa radhi. Kuna sharti moja ambalo hoja yangu yote inasimama juu yake: kikishasimikwa, kigango hakihamishwi. Familia ikihama kutafuta ardhi nyingine, chenyewe hubaki pale kiliposimama, na kitasimama hapo mpaka jua, mvua na mchwa vimalize kazi yao. Kule kwisha ndiko mwisho wake halali.

Wizi ulishamiri tangu miaka ya 1970, soko la sanaa za Afrika lilipochangamka ng'ambo. Aghalabu vijana wasio na kazi walitumwa usiku, wakalipwa pesa kidogo. Vigango vikapita katika maduka ya vinyago ya Mombasa na Nairobi, vikavuka bahari, vikauzwa Marekani kwa maelfu ya dola kimoja. Wengi wa walionunua walivitoa baadaye kama zawadi kwa makumbusho, na huko mtu anayetoa zawadi kama hiyo hupunguziwa kodi. Kwa hiyo mzee aliyesimamishwa Kaloleni ili awalinde wajukuu wake aliishia kumpunguzia kodi tajiri ambaye hata jina la Kaloleni hajapata kulisikia. Mwaka 2003 watafiti Monica Udvardy na Linda Giles, pamoja na John Mitsanze aliyekuwa mtumishi wenu Mombasa, walichapisha hesabu yao: vigango 294 katika makumbusho 19 ya Marekani. Hivyo ni vile vya makumbusho tu, bila vilivyomo majumbani mwa watu.

Kisa cha Chalani kinajulikana, ila sharti nikikumbushe kwa sababu kina funzo ambalo halijatumika. Mwaka 1985 Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Baada ya muda mfupi vikaibwa. Mzee alikwenda kwa yule mtafiti kuomba msaada, naye hakuwa na la kufanya zaidi ya kuitunza ile picha. Mwaka 1999, katika mkutano wa wanazuoni wa masuala ya Afrika, Giles alionyesha slaidi za vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha Illinois. Udvardy akakitambua kimoja hapo hapo. Cha pili kilipatikana Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mzee alikuwa ameshafariki mwaka 1987, bila kuviona tena. Waliovipokea ni watu wake.

Tazameni kilichowezesha vigango vile kurudi. Haikuwa sheria ya Marekani: sheria yao ya mwaka 1990 inayowalazimu kurejesha mabaki na vitu vitakatifu inawahusu wenyeji wa Marekani peke yao, na Mgiriama hamo. Haikuwa sheria yetu pia. Ilikuwa picha moja na mtu mmoja aliyezikumbuka nyuso. Vigango vingine karibu vyote havina picha kama hiyo, na ndiyo sababu vinapofika Nairobi huonekana kana kwamba havina kwao.

Vina kwao. Kila kimoja kilisimikwa kwa ajili ya mtu mwenye jina, mwenye wake na watoto, katika mudzi wenye jina, na kilichongwa na fundi aliyejulikana na majirani zake wote. Waliovichukua hawakuandika jina hata moja, kwa kuwa jina lingekuwa ushahidi wa wizi. Ndipo nikiona kibandiko cha makumbusho, popote pale duniani, kimeandikwa kwamba msanii hajulikani, huona pale kovu la uhalifu. Nawaomba msikubali maneno hayo yaandikwe chini ya paa lenu. Andikeni ukweli mzima: kwamba kazi hii iliibwa Pwani ya Kenya, ikauzwa, na aliyeiuza alifuta jina la marehemu na la fundi. Mgeni akisoma hivyo atajifunza jambo kuhusu Wagiriama, na jambo lingine kuhusu makumbusho. Yote mawili anahitaji kuyajua.

Kuna hoja ambayo wafanyabiashara waliitumia kwa miaka mingi, na naogopa imeacha mizizi hata kwa watu wema. Walisema vigango vilikuwa vimetelekezwa. Kwamba waliviokota porini, hakuna mtu karibu, miti imeanza kuoza, na kama wasingevichukua vingepotea. Hoja hii inajifanya haioni historia ya ardhi ya Pwani. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hatimiliki, na katika ukanda wa pwani watu wengi wa Mijikenda wakajikuta maskwota katika mashamba waliyoyalima, kwa sababu dai lao halikuwa na karatasi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wasitoe kodi wala vijana wao kwa kazi za mashamba ya Wazungu. Mwaka uliofuata Waingereza waliilipua kwa baruti Kaya Fungo, kaya yetu takatifu iliyomo msituni, na waliokuwa wakiishi kaskazini mwa Mto Sabaki wakaamriwa kuondoka, nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa. Tangu hapo Mgiriama amehamahama, mara kwa kufukuzwa, mara kwa njaa, mara kwa kuambiwa kwamba shamba lina mwenyewe anayeishi mbali.

Mtu aliyehamishwa kwa nguvu akaacha kigango cha babake nyuma, hajakitelekeza. Ametii sharti la mila katika siku mbaya kuliko zote. Kumwambia mjukuu wake leo kwamba babu yake aliachwa porini ni kumdhulumu mara ya pili kwa dhuluma ileile. Hata pale ambapo watu walihama kwa hiari, kigango kilichobaki nyuma kilibaki kazini. Wazee walirudi pale kuomba. Wengine wanarudi mpaka leo, wanakuta shimo.

Nakuja kwenye jambo gumu, na najua litawaudhi baadhi ya wataalamu wenu wa uhifadhi. Ninyi mmesomea kuzuia kitu kisioze. Mna vyumba vyenye hewa iliyopimwa, mna dawa za wadudu, mna glavu nyeupe. Kwa jiwe la kale la Gedi au hati ya Kiarabu ya Lamu, elimu hiyo ni baraka. Kigango ni kitu cha namna nyingine. Kilitengenezwa kisimame mvuani. Mti wake ulichaguliwa udumu muda mrefu, kisha ufe. Kukiweka kabatini milele, ndani ya hewa kavu, ni kumzuia mzee katikati ya njia, asiwe hai mudzini wala asimalize safari yake ardhini. Wazee wakiamua kwamba kigango fulani kirudishwe kwenye ardhi na kiachwe mchwa wakile, nawaomba mkubali. Mtaumia, kwa kuwa mnapenda vitu vizuri. Hata mimi nitaumia. Lakini hatukukichonga sisi, wala hakikuchongwa kwa ajili ya macho yetu.

Sisemi kila kigango lazima kioze. Nasema uamuzi ni wa nani. Wako wazee ambao wangependa baadhi vibaki Fort Jesus au Malindi, watoto wavione na wajifunze. Wako wanaoogopa kwamba kikirudi kijijini kitaibwa tena ndani ya wiki, na hofu yao ina msingi. Wako Wagiriama Waislamu na Wakristo ambao hawataki kigango chochote karibu na nyumba zao, ingawa babu yao ndiye aliyesimamishwa. Mazungumzo haya ni yetu, yana mivutano yake, na yatachukua muda. Tunachoomba ni kupewa nafasi ya kuyafanya huku vitu vyenyewe vikiwa karibu nasi, si kupelekewa taarifa baada ya kikao cha Nairobi kuamua.

Mtauliza kwa nini nina haraka. Tazameni yanayotokea Kilifi. Wazee wetu wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mara nyingi ukichimba nyuma ya tuhuma unakuta shamba, na warithi wasio na subira. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa na watoto wao wenyewe. Mzee mwenye mvi, anayejua mila, anayekwenda kayani, anaitwa mchawi, na panga linafuata. Kijana anayelishika panga hilo alikua akiambiwa kwamba mambo ya wazee ni ushetani. Aliambiwa kanisani, aliambiwa madrasa, aliambiwa na filamu. Ni nani aliyewahi kumwambia kinyume chake, kwa picha, kwa maonyesho, kwa kitabu cha darasani? Shule yake haikumpa hata mchoro mmoja wa kigango. Mahali pekee alipokiona ni langoni mwa hoteli ya kitalii, kimepakwa vanishi, kimesimamishwa kando ya chungu cha maua.

Hapo ndipo sanaa inapogusa uhai wa mtu. Jinsi watu wanavyoonyeshwa ndivyo wanavyotendewa. Miaka zaidi ya mia moja Mgiriama ameonyeshwa kama mcheza kiuno na mganga wa vichekesho, na katika miaka hiyohiyo kazi zake bora zimekuwa zikiuzwa New York na Los Angeles kama sanaa ya hali ya juu. Mtoto wa Bamba hajaambiwa kwamba vitu hivi viwili vinatoka kwa babu mmoja. Makumbusho yana uwezo wa kumwambia. Maonyesho yakifanywa Kilifi, yakasimamiwa na wazee wa kaya pamoja na wasanii vijana wa hapa, yakaonyesha kigango kama kazi ya fundi, kama kumbukumbu ya baba, na kama ushahidi wa wizi, yatafanya kazi ambayo polisi hawawezi kuifanya.

Kuhusu hoteli sitasema mengi. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijamii, na sheria hiyo inataka idhini ya jamii kabla ya mtu kutumia mali yake kibiashara. Kaunti imepewa jukumu la kuweka rejista. Mheshimiwa Gavana, umbo la kigango linastahili kuwemo katika rejista hiyo. Fundi anayechonga nakala kwa watalii aendelee kula jasho lake, lakini iwe wazi kwamba ni nakala, na umbo lile linalosimikwa na Gohu lisiwe pambo la baa.

Kuna sheria nyingine inayonitia uchungu. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inalinda kwa jina milango na fremu za milango zilizochongwa kabla ya mwaka 1946. Najivunia ulinzi huo. Milango ya Lamu na Mombasa ni fahari ya Pwani nzima, na bila sheria mingi ingekuwa meza za kahawa Ulaya. Lakini katika sentensi ileile kigango hakimo. Sheria hiyohiyo inampa Waziri uwezo wa kuvitangaza vitu vingine katika Gazeti Rasmi. Mshaurini Waziri avitaje kwa majina vigango na koma, yaani vile viguzo vidogo vya wahenga, bila kujali umri wake, maana kigango kilichosimikwa mwaka 1975 ni kitakatifu sawa na cha mwaka 1875. Mlango una mwenye nyumba wa kuulinda. Kigango kimesimama porini peke yake, na kinahitaji sheria zaidi.

Na suala la ushuru limalizwe kabisa. Vigango vilivyotoka chuo kikuu kimoja cha California vilifika Nairobi mwaka 2014 vikakwama forodhani. Denver waliamua kurudisha vyao mwaka huohuo wa 2014, vikafika 2019, na madai ya ushuru yalikuwa miongoni mwa vizuizi. Mali iliyoibwa kwetu haiwezi kutozwa ushuru kama gari la mtumba. Wizara yenu na Hazina wakae, waandike utaratibu mmoja ulio wazi, ili makumbusho yoyote ya nje inayotaka kurudisha isipate kisingizio.

Sasa niseme wazi tunachokiomba.

Kwanza kabisa, chapisheni orodha. Kila kigango kilichorudi tangu 2006, picha yake pande zote, vipimo vyake, kilitoka wapi, kiliingia makumbusho gani mwaka gani, na leo kiko chumba gani. Mnayo taarifa hiyo, maana bila hiyo hakuna makumbusho inayopokea kitu. Mradi wa Invisible Inventories, ambao ninyi mlishiriki pamoja na wasanii wa Nairobi na makumbusho za Ujerumani, ulikusanya kumbukumbu za vitu vya Kenya zaidi ya 32,000 vilivyomo ng'ambo. Kama tumeweza kuorodhesha vilivyoko Köln na Frankfurt, vilivyoko mikononi mwetu havitushindi.

Orodha hiyo isiishie kwenye tovuti. Ichapishwe kwenye karatasi kubwa, picha za rangi, ipelekwe Kaloleni, Ganze, Magarini, Rabai, kwa wazee wa kaya na kwa mafundi waliobaki. Fundi mzee anaitambua kazi ya mwalimu wake kwa namna pembetatu zilivyochimbwa, kama mama anavyotambua mshono wake kwenye nguo ya mtoto. Kina mama wazee nao waulizwe. Wao ndio walioondoka nyumbani kwa baba zao kwenda kuolewa, wanakumbuka nani alisimama wapi. Chama cha utamaduni cha MADCA, kule Malindi, kimelibeba suala hili kwa miaka mingi na kinajua njia za kupita. Lakini fanyeni haraka. Kila mwaka tunazika watu wanaoweza kuzitambua nyuso hizo, na picha ya mwaka 1985 ilitufunza kwamba ushahidi wote unaweza kuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Kisha vileteni Kilifi. Vile vitakavyopata wenyewe vikabidhiwe familia, pamoja na msaada wa ulinzi. Vile visivyopata wenyewe vipokewe na wazee wa Gohu na wa kaya kwa pamoja, nao waamue: vingine visimikwe mahali patakapochaguliwa, vingine vibaki makumbusho kwa masharti watakayoyaweka, vingine virudi ardhini. Misitu ya kaya imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008, na mila zake zimo katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura tangu 2009. Dunia imekwisha kutambua kwamba wazee hawa wanaweza kutunza msitu. Tuwaamini basi na baba zao.

Najua mtasema gharama. Kaunti ichangie, Wizara ichangie, na makumbusho za Marekani zilizonufaika kwa miongo mizima zichangie pia. Kurudisha kitu pasipo kugharimia safari yake ya mwisho ni nusu ya haki, na wao waliosema wanatenda haki wataelewa tukiwaandikia. Barua hiyo niko tayari kuiandika pamoja nanyi.

Mkifanya hivi, mtakuwa na nguvu mahali pengine pia. Ngaji, ngoma kuu ya Wapokomo, ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902 na iko ghalani mwa Makumbusho ya Uingereza tangu 1908. Wapokomo wanaidai. Waingereza hupenda kuuliza ngoma ikirudi itawekwa wapi, itatunzwa na nani. Siku mtakayowaonyesha vigango vimesimama Kilifi, vimepokewa na watu wao kwa utaratibu unaoeleweka, mtakuwa na jibu ambalo hakuna mwanasheria wa London anayeweza kulipindua.

Waheshimiwa, itisheni kikao na wazee wa Gohu na wa kaya, mkifanyie Kilifi na si Nairobi, na mje na picha za kila kigango mlichonacho. Wengine wao wamepita miaka themanini. Wanawasubiri.

Ni mimi,
Mgiriama, mwalimu wa sanaa, Kilifi.